Uhusiano na Mtengenezaji

Ulimi alimwona kabla hajavuka mlango wa ukumbi, na papo hapo akajifanya hajamwona. Alifungua mkoba akaanza kutafuta kitu ambacho hata mwenyewe hakukijua. Funguo zilikuwepo, kitambaa kilikuwepo, akili ndiyo haikuwepo. Ilikuwa imeshatangulia kule kwenye ngazi, kwa yule mwanamume mrefu mwenye aproni ya ngozi aliyekuwa akishusha makreti ya bia kutoka kwenye gari.

"Ukimaliza kutafuta, nitafutie na mimi," sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake. "Nimepoteza usingizi tangu Jumapili."

"Fundi, watu wanatuangalia."

"Waache. Macho ni yao."

"Na mama yako?"

Hapo Fundi akarudi nyuma kidogo. Kicheko kikamwisha mdomoni, lakini machoni kikabaki, na ni macho hayo hayo yaliyomtia Ulimi matatani tangu mwanzo.

Jina la Ulimi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wasomaji wa gazeti, kwa sababu kila wiki alionja bia za viwanda vidogo na kuandika ukweli wake, uwe mtamu au uwe mchungu. Mwaka uliopita aliandika kuhusu pilsna, ile bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ya fundi mmoja aliyekuwa akipika bia kwenye gereji ya zamani. Aliandika kwamba pilsna hiyo ina rangi nzuri, ina povu zuri, na inanuka mahindi ya kuchemsha. Kesho yake fundi mwenyewe akaingia ofisini kwake na gazeti mkononi, amelikunja kama fimbo.

"Ni wewe uliyesema bia yangu inanuka mahindi?"

"Ni mimi. Unapochemsha, sufuria unaifunika?"

"Naifunika, ndiyo. Kwa nini nisiifunike? Moto ni ghali."

"Basi usiifunike. Harufu ile hutoka na mvuke. Ukifunika, inageuka na kurudi humo humo."

Fundi alikuwa amekuja kugomba. Aliondoka akiwaza mvuke. Baada ya wiki kadhaa akarudi na chupa, na ndani yake hamkuwa na mahindi hata ya dawa. Akarudi tena na chupa nyingine. Halafu akaanza kurudi bila chupa.

Shida ilikuwa mama yake. Yeye hakuisahau ile habari ya mahindi, maana aliisoma kwa sauti mbele ya mashoga zake akidhani mwanawe anasifiwa. Jumapili, Fundi alipomwambia kwamba anataka kumleta binti nyumbani, na binti mwenyewe ndiye Ulimi, mama alisema neno moja na hakulirudia: aliyeichafua bia ya mwanangu mbele ya watu, aisifu mbele ya watu. Kabla ya hapo asikanyage kwangu.

"Nimeitwa alfajiri," Ulimi akamwambia Fundi sasa, pale kwenye ngazi. "Jaji wa pilsna kaugua ghafla, wamenipa kiti chake. Niambie kweli. Umeleta nini?"

"Laga yangu ya kahawia."

"Pilsna hukuleta?"

"Pilsna bado imelala kwenye tangi. Chupa mbili nilizojaza za kujaribia ziko nyumbani. Haijakaa vya kutosha, siwezi kuiharakisha."

"Laga inaonjwa na meza nyingine."

"Basi si tuko salama?" Fundi akatabasamu. "Wewe onja zako, mimi nikuangalie. Kuna mtu amewahi kukwambia ukionja unafumba jicho moja?"

"Sifumbi!"

"La kushoto."

Ulimi alitaka kujibu, lakini kivuli kikaanguka kati yao. Mama alikuwa amefika, kavaa kama mtu anayekwenda harusini, mkoba mkubwa begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama aliitoa ile marahaba kwa ncha za meno. "Nasikia leo wewe ndiye jaji."

"Ndiyo, Mama."

"Mungu kakuleta. Watu wamejaa, kipaza sauti kipo. Maneno yangu ya Jumapili yalikufikia?"

"Yalinifikia."

"Vizuri." Akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akarudi kichwani. "Basi tutaonana humo ndani."

Mama akapita. Ulimi akageuka kumfuata kwa macho. Mbona alisema vile, kama mtu aliyeshapanga jambo? Alitaka kumuuliza Fundi, lakini mlangoni walikuwa wakikusanya simu za majaji na kuwaita waingie, na Fundi alikuwa ameshakimbilia makreti yake.

Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa upande mmoja, na jua la asubuhi liliingia bila kubisha hodi. Meza ya majaji iliwekwa mbele, upande wenye kivuli. Watazamaji walikaa kwenye viti nyuma ya kamba. Mama alikuwa kajichagulia kiti cha mstari wa kwanza, dirishani kabisa. Alifungua mkoba, akatoa kitu, akakipakata mapajani kama mtoto mchanga. Chupa. Chupa nyeupe, na ndani yake kitu cha rangi ya dhahabu kinameremeta juani.

Ulimi hakupata nafasi ya kuwaza zaidi. Jaji mkuu alikuwa amesimama. Alikuwa mzee aliyestaafu kutoka kiwanda kikubwa cha bia, mwenye miwani mizito na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Kanuni ni moja," akanguruma kwenye kipaza sauti. "Glasi hazina majina, zina vibandiko vya rangi. Jaji mwenye uhusiano na mtengenezaji, akiitambua bia ya mtu wake, asimame aseme. Akinyamaza na ikaja kujulikana, hataonja tena ukumbini humu, na bia hiyo itatupwa nje ya mashindano. Tumeelewana?"

Majaji wakaitikia. Glasi zikaja.

"Unasemaje?" Jaji mkuu, aliyekaa kushoto kwake, akamuuliza baada ya glasi ya kwanza.

"Siagi," Ulimi akasema. "Huyu alikuwa na haraka. Angeiacha siku chache zaidi kabla ya kuipoza, siagi ingeondoka yenyewe."

"Hii?"

"Safi, lakini haina la kusema. Kama mgeni anayekaa kwenye ncha ya kiti."

Mzee akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Na hii?"

"Imezeeka. Inanuka boksi lililonyeshewa."

Kazi ilikuwa imemkolea. Hivi ndivyo alivyopenda: maji, kipande cha mkate, pua, ulimi, na dunia nzima ikae pembeni isubiri. Akanywa maji. Akavuta glasi yenye kibandiko cha kijani, akaitikisa kidogo, akainusa.

Akaiweka chini, akaivuta upya.

Akainusa tena. Mkate uliobabuka kidogo pembeni. Halafu, nyuma yake, kitu chepesi kama ganda la pea lililotoka kumenywa. Harufu ile hakuna bia nyingine duniani iliyokuwa nayo. Aliinusa mara ya kwanza jioni moja kwenye ile gereji, Fundi alipomfungulia mfuniko wa tangi na kumwambia ainame taratibu. Walikuwa wameinama pamoja, mashavu yakikaribia kugusana, na Fundi akamnong'oneza: "Hii ni hamira yangu. Naitunza mwenyewe mwaka wa saba huu. Hakuna mwingine aliye nayo." Jioni hiyo ndiyo Ulimi alijua kwamba amekwisha.

Akaonja. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali wake, ukaja taratibu, ukakaa, ukaondoka kwa adabu. Ilikuwa pilsna nzuri. Ilikuwa pilsna nzuri sana.

"Na hii je?" jaji mkuu akamuuliza.

"Naonja."

"Unatetemeka."

"Baridi."

"Binti yangu, humu ndani kuna joto la kuivisha ndizi."

Ulimi akainua macho. Nyuma kabisa ya ukumbi Fundi alikuwa amesimama ameegemea ukuta, aproni imemkaa kifuani. Walipokutana macho akafumba jicho moja, la kushoto, akitabasamu. Siku nyingine yoyote angeyeyuka. Leo tabasamu lile lilimchoma. Alisema pilsna imelala tangini. Alisema laga. Kumbe ameileta kimyakimya, na mama anajua, ndiyo maana akasema Mungu kakuleta! Wamekaa wakapanga, mtu na mama yake, na yeye amewekwa katikati kama daraja la kuvukia.

Au labda hakupanga ubaya. Labda alikata tamaa tu, akaona hii ndiyo njia pekee. Na njia yenyewe ilikuwa fupi kweli! Angeandika alama za juu, ambazo bia ilizistahili. Angesimama baadaye, kama majaji wote, aseme kwenye kipaza sauti kwamba hii ndiyo pilsna bora aliyoonja mwaka huu, na asingekuwa amesema uongo hata nukta. Mama angesikia. Mlango ungefunguka. Jumapili ijayo angekaa sebuleni kwao akiitwa mkwe. Nani angejua?

Yeye angejua. Na kila atakaloandika baada ya leo lingekuwa na harufu, na hiyo isingetoka hata ufunue sufuria.

Lakini akisimama, kwaheri kiti. Na si kiti tu. Atakuwa amekataa kuisifu bia ya mtu mbele ya mama yake mzazi, kwa mara ya pili.

Alimtazama Fundi tena. Alimpenda mpaka ikamuuma mbavuni. Akaweka glasi mezani, akajikaza, akasimama.

"Jaji mkuu, siwezi kuipima glasi hii."

Mzee akamsogezea kipaza sauti. "Kwa nini?"

"Nimeitambua. Nina uhusiano na mtengenezaji."

"Uhusiano gani? Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mnafanya biashara pamoja?"

"Hapana."

"Sasa?"

Ulimi akatafuta neno dogo zaidi. Halikuwepo.

"Nampenda," akasema. Kipaza sauti kikalichukua neno lile kikalipeleka kila pembe ya ukumbi, mpaka kwa wauza karanga nje. Na kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, akayaoga. "Nampenda aliyeitengeneza bia hii. Nampenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Angeniomba chochote ningempa, lakini hili siwezi, na kama ananipenda asinge… asingenitega hivi. Bia yake ni nzuri. Nasikitika siruhusiwi kusema hivyo."

Watu wakapiga vigelegele. Mwingine akapiga meza. Nyuma kule, Fundi alikuwa ameachia mdomo wazi kama mlango wa gereji yake.

"Basi," jaji mkuu akasema, akijifuta paji la uso, "kanuni inataka tumtambue huyo mtengenezaji." Akaingia nyuma ya pazia zilikopangwa chupa. Akachelewa kidogo. Alipotoka alikuwa ameshika chupa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kucheka. "Kibandiko cha kijani," akasema, akaiinua juu. "Chupa hii ina picha ya jogoo."

Chupa za Fundi hazikuwa na jogoo.

Mtu mmoja akasimama taratibu katikati ya ukumbi. Alikuwa mnene, wa makamo, kichwa kinang'aa. Kila mtu kwenye kazi ile alimjua kwa jina la Kipara, mwenye kiwanda kidogo ng'ambo ya barabara kutoka kwa Fundi. Ubavuni kwake aliketi mke wake.

"Hiyo… hiyo ni yangu," Kipara akasema.

"Baba Mapacha!" mke akaruka kutoka kitini. "Tangu lini?"

"Mke wangu, naapa, binti huyu namjua gazetini tu!"

"Kasema kuliko alivyowahi kumpenda mtu! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Hata mimi ndio nasikia leo!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walishika mbavu, wengine walishikana wao kwa wao. Ulimi alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. "Si yeye!" alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mama Mapacha, nisamehe, si yeye! Mimi hata kumsalimu sijawahi!"

"Ndoo!"

Sauti ilitoka nyuma. Fundi alikuwa anakuja, anaruka kamba, anaruka miguu ya watu. "Kipara! Ile ndoo!"

"Ndoo gani?" jaji mkuu akauliza.

"Hamira yake ilikufa," Fundi akasema akihema, amefika mbele. "Mwezi uliopita. Akaja kwangu kuomba, nikamchotea ndoo moja ya hamira kutoka chini ya tangi langu. Jirani hanyimwi hamira. Nikasahau kabisa."

"Kweli tupu," Kipara akadakia, akimshika mkewe mkono. "Hamira ni ya Fundi. Bia ni yangu. Mimi sina mtu!"

Jaji mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimefanya kazi hii tangu wazazi wako hawajaoana," akamwambia Ulimi. "Sijawahi kuona mtu akimtambua mwanamume kwa hamira yake. Ulimi wako haukukosea. Umekosea mwenye chupa tu."

Ulimi hakumsikia vizuri. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa, na kicheko kilikuwa kimekwisha hata machoni.

"Ulidhani nimekutega?"

"Nilidhani. Nisamehe."

"Na bado ukasema yale?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia, lakini yalipitia kwa Kipara. Nataka yangu."

Kabla hajayapata, mama alikuwa amesimama. Hakupaza sauti, lakini watu wakampisha wenyewe. Akaja hadi mezani na ile chupa nyeupe ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, hiyo nayo umeitoa wapi?" Fundi akauliza.

"Kabatini mwako. Ulijaza mbili, nimechukua zote. Moja umeninyang'anya mlangoni ukaitia kwenye barafu yako, hii nikaificha." Akamgeukia Ulimi. "Wewe binti. Sasa hivi ni jaji?"

"Hapana, Mama. Nimeshaacha kiti."

"Kwa hiyo hakuna kanuni ya kukuzuia. Hii ni pilsna ya mwanangu, kwa mkono wa mwanangu. Onja, useme mbele ya watu. Tumalize."

Mama mwenyewe ndiye aliyemimina. Povu likapanda zuri, jeupe. Ulimi akaipokea glasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na uvuguvugu. Akaipeleka puani, akaishusha, akairudisha tena.

Ukumbi wote ulikuwa unamtazama. Fundi alikuwa anamtazama. Mama alikuwa anamtazama zaidi ya wote, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakukuwa na ukali usoni mwake. Kulikuwa na kuomba. Sema neno moja zuri, nikupokee. Hivyo tu.

Ulimi akaonja. Akafumba jicho la kushoto.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Inanuka kicheche."

Mtu akakohoa. Kipara akashika kichwa.

"Inanuka nini?"

"Kicheche, Mama, yule mnyama anayenuka. Si kosa la Fundi, naapa. Hopsi haipatani na jua. Ndiyo maana bia hutiwa kwenye chupa za kahawia. Hii ni chupa nyeupe, na tangu tuanze umeipakata dirishani. Jua limeiharibu. Chini yake nasikia bia nzuri, lakini… lakini inanuka. Siwezi kusema hainuki."

"Mwaka jana mahindi," mama akasema polepole. "Mwaka huu kicheche."

"Nisamehe, Mama."

Mama akachukua glasi mkononi mwake. Akainusa. Pua ikakunjamana, shingo ikarudi nyuma, akainusa tena kama mtu asiyeamini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Ulimi alidhani analia.

"Kicheche kabisa!" mama akapasuka kwa kicheko. "Jamani! Na nimekipakata mimi mwenyewe!"

Alicheka mpaka akatafuta kiti, na jaji mkuu akampisha chake. Aliposhusha pumzi, akamvuta Ulimi kwa mkono.

"Nikwambie kitu. Huyu mwanangu tangu mdogo akipika huniuliza, Mama, tamu? Namwambia tamu. Chai imeungua, tamu. Wali una mawe, tamu. Bia ile ya mahindi, mimi ndiye niliyeionja kwanza. Nilimwambia tamu." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilikuchukia kwa sababu ulimwambia nilichopaswa kumwambia mimi. Na leo nimekupa glasi, moyo wako wote uko kwake, mlango wangu uko wazi hivi, bado unaniambia inanuka. Wewe huwezi kudanganywa na mtu, wala kudanganya."

"Siwezi, Mama. Nimejaribu sasa hivi."

"Njoo Jumapili. Na mboga yangu ikizidi chumvi, useme."

"Nitasema, Mama."

"Usiseme sana." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umesimama unangoja nini? Mletee mkwe wangu ile ya kwenye barafu!"

Fundi alikwenda akarudi kwa hatua kubwa. Chupa ilitoka na barafu imeishikilia shingoni. Alimimina taratibu, akiinamisha glasi. Ulimi akanusa: mkate, ganda la pea, gereji ile, jioni ile. Akanywa. Akafumba macho yote mawili.

"Unaionaje?" Fundi akauliza.

"Siruhusiwi kusema," Ulimi akajibu. "Nina uhusiano na mtengenezaji."

"Uhusiano gani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Ulimi akanyoosha mkono, akakizima, kisha akamsogelea sikioni akamwambia.